Kiti Kilichoshiba Usumba

Niliporudi Bagamoyo na diploma yangu ya ufundi wa magari, wenye kukaa barazani karibu na soko walikuwa wameshanihukumu kabla sijafungua sanduku. Walisema sitapata hata gari moja la kutengeneza, kwa kuwa wenye magari huyapeleka Dar es Salaam, na hakuna atakayemwachia motokaa yake mtoto aliyekuwa akiuza maandazi ya mama yake juzijuzi. Mmoja alisema diploma ni karatasi, na karatasi ngumu namna ile haifai hata kufungia bizari. Siwataji kwa kinyongo. Leo nina gereji yenye shimo la saruji, nina mafundi wanne chini yangu, na wawili kati ya wasemaji wale huniletea pikipiki zao na kuniita bwana. Nawataja kwa sababu barazani pale alikuwapo mtu mmoja ambaye siku ile hakusema neno. Alikuwa ameinamia kazi yake, anashona. Mtu huyo tulimzika Jumanne iliyopita, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mshona magodoro.

Wasomaji wangu mmenizoea nikiandika habari zangu mwenyewe, na baadhi yenu mmeniletea barua kuniambia kwamba najisifu. Ni kweli, najisifu. Nilitoka hapa nikiwa mtia mafuta katika chumba cha injini cha meli, nikashuka Bombay, mchana nikaosha masufuria hotelini na jioni nikasoma, miaka sita, na sikupewa nauli wala ada na mtu yeyote. Aliyefanya hayo akinyamaza, nani atamsemea? Lakini kuna kazi moja ambayo mji huu umenisifu kwayo kuliko zote, nami sehemu kubwa ya sifa ile haikuwa yangu. Mbali na mimi, waliopata kuujua ukweli wake ni watu watatu tu, na mmoja wao ndiye huyu tuliyemzika.

Alikuja mjini kutoka Mkange akiwa na gunia la sufi kichwani na sindano ndefu kama mkono hadi kwenye kiwiko. Wenyeji wa mji mkongwe walimcheka kwa lafudhi yake ya Kikwere, kisha wakampelekea magodoro yao, kwa maana hakuna aliyeshona kama yeye. Na mjini kwetu godoro lina mtihani wake. La bibi harusi likishakwisha, shangazi zake huja nyumbani kwa fundi, mkubwa wao huliweka goti katikati ya godoro na kulemea kwa uzito wake wote. Goti likihisi mkeka chini, godoro linarudishwa, na fundi ataimbwa kwenye vijembe hadi harusi nyingine. Marehemu hakurudishiwa hata moja. Alijaza usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, akaushindilia kwa ngumi hadi kitambaa kikalia kama ngoma. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima ya kazi yake, na ndiyo iliyotukutanisha.

Palikuwa na mfanyabiashara wa ng'onda, samaki waliokaushwa, aliyekuwa na motokaa ya kabla ya vita, yenye ubavu wa mbao. Kiti chake cha nyuma kiliundwa kiweze kukunjwa. Ukifungua makomeo mawili, mgongo wa kiti unalala mbele juu ya kikalio, na sakafu yote inakuwa sawa hadi mlango wa nyuma. Kwa miaka mingi alikikunja akapakia ng'onda. Mambo yalipomnyookea alitaka kuchukua abiria wa heshima, akampa marehemu kiti kile akishone upya, na tangu hapo hakukikunja tena. Kisha, wiki ya tatu tangu nifungue gereji yangu, mama wa mfanyabiashara huyo aliteleza kwenye ukingo wa kisima akavunjika paja. Mganga wa zahanati alimfunga vibao, akasema mama lazima afike hospitali Dar es Salaam upesi, na afike amelala, amenyooka. Akiketishwa mfupa utapanda juu ya mfupa na hatatembea tena. Motokaa ilikuwapo. Kiti kilikataa kukunjika.

Mwenye gari alinijia alasiri, macho yake mekundu. Akaniuliza, "Bwana fundi, hiyo diploma yako inajua na viti?"

"Inajua gari zima."

"Basi mama yangu yuko mikononi mwako. Kesho adhuhuri nataka aondoke."

Nilifanya kazi uani kwake hadi magharibi, nikarudi tena alfajiri. Niliyamwagia makomeo mafuta ya taa, nikayatia grisi, nikayagonga. Nilifikiria kuking'oa kiti kizima, lakini misumari ya kukishika ilikuwa chini yake, mahali pasipofikika mpaka kikunjwe kwanza. Ilipofika saa tatu asubuhi mpini wa komeo la kulia ulikatika mkononi mwangu. Nilimweleza mwenye gari jinsi hewa ya chumvi inavyokula chuma, nikamweleza vizuri sana, kwa maneno ya darasani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema anakwenda kumtafuta mwenye lori la mbata.

Kitanda cha mama kilikuwa kando ya dirisha linalotazama uani, na sauti yake haikuwa imevunjika. "Lori la mbata sipandi," alimwambia mwanawe. "Nimezaa saba. Sitakwenda Dar es Salaam nikirushwarushwa kama nazi." Mwanawe alikwenda hata hivyo. Nikabaki peke yangu na nyundo yangu, na kila nilipogonga nilimsikia akivuta pumzi kwa maumivu. Baadaye akaniita.

"Wewe kijana wa Bombay, unagonga nini tangu jana?"

"Shikamoo, bibi. Komeo. Limeshika kutu."

"Marahaba. Zamani lilikuwa likifunguka?"

"Nasikia lilikuwa likifunguka."

"Mpaka lini?"

Nilianza kujibu kisha nikajiona mjinga. "Mpaka kiti kiliposhonwa upya."

"Na aliyekishona umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nakiri kwamba wazo lenyewe halikunijia, na lau lingenijia ningelifukuza, maana sikwenda ng'ambo miaka sita ili nirudi kumuuliza mshona magodoro habari za gari. Lakini jua lilikuwa linapanda na paja la mama lilikuwa linavimba. Nilikwenda mwenyewe, nyumba ya nne kutoka pale. Nilimkuta ndani ya godoro la harusi, mkono mmoja umezama hadi kwapani. Nilimweleza. Alichomeka sindano kwenye kitambaa, akavaa kanzu yake, akanifuata bila kuuliza lolote.

Alivua viatu kabla ya kuingia garini. Aliketi, akainuka, akaweka goti kwenye kikalio kama shangazi wa bibi harusi, kisha akajaribu kupenyeza mkono mahali kikalio kinapokutana na mgongo. Ziliingia kucha tu. Akashuka.

"Komeo lako zima," alisema. "Ni mimi."

"Unasemaje?"

"Nimekijaza mno. Kikalio kinausukuma mgongo, mgongo unalibana komeo. Ungegonga mpaka Ramadhani lisingetoka." Akaenda dirishani akainama kidogo. "Bi mkubwa, shikamoo. Kosa ni langu."

"Marahaba. Kosa la mwanangu, aliyetaka godoro la bibi harusi ndani ya gari la ng'onda. Fungua, baba. Mguu unaniuma."

Marehemu alitoa kisu kidogo mfukoni akakata mshono wake mwenyewe, mshono mzuri usiopitisha hata maji, akaanza kutoa usumba kwa viganja. Rundo lilipofika kwenye magoti yangu nilimwonea huruma. Nilimwambia, "Punguza kidogo tu. Usiiharibu kazi yako."

"Imeshaharibika. Ingekuwa nzuri, mama wa watu angekuwa njiani." Akaendelea kutoa. Kikalio kilipolegea kama tumbo la mwenye saumu, alinigeukia. "Sasa wewe. Usiuvute mgongo. Usukume nyuma kwanza, ulipe komeo nafasi, halafu fungua." Niliusukuma kwa bega, nikakishika kwa spana kile kipande cha mpini kilichobaki, nikakizungusha. Komeo liliachia kwa mlio mdogo kama wa ganda la kunde. La kushoto likafuata. Tukaulaza mgongo, na sakafu ikawa sawa hadi mlangoni.

Mwenye gari alirudi bila lori. Alipoingia uani mimi nilikuwa nimesimama kando ya gari, spana mkononi, na marehemu alikuwa nyuma ya nyumba akitia usumba kwenye gunia. Aliitazama sakafu ile, akanishika mikono yangu yote miwili yenye grisi. "Hii ndiyo elimu," alisema. "Watasema nini sasa wale wa barazani?" Nilikuwa na nafasi ya kujibu. Nilitabasamu. Marehemu alipita na gunia lake, akasema, "Safari njema, Mungu amponye," akaenda zake kumalizia godoro la harusi. Mama aliondoka adhuhuri ile, amelala amenyooka, wanaume sita wakalisukuma gari kwenye tope la Mapinga, na magharibi akawa hospitali. Alirudi baada ya miezi miwili, akitembea kwa mkongojo. Alijaribu kueleza nani aliyefungua kiti, watu wakasema maumivu yalimchanganya. Nami niliwaacha waseme.

Nimefikiri sana tangu Jumanne juu ya yale maneno mawili, "Ni mimi." Katika miaka yangu ya ufundi nimeletewa magari mengi, na kila gari huja na mtu wa kulaumiwa. Dereva humlaumu fundi wa kwanza, fundi wa kwanza humlaumu aliyeuza kipuri, aliyeuza kipuri huwalaumu Wazungu waliokitengeneza, na mwenye gari hulipa mara tatu. Ofisini ni hivyo hivyo: karani huonyesha kidole dirisha la pili, na dirisha la pili humrudisha mtu la kwanza. Siku hizi tunasema sana juu ya kujitawala, na mimi ni mmoja wa wanaosema kwa sauti kubwa. Tutahitaji watu wenye diploma, na zaidi ya niliyo nayo mimi. Lakini mtu anayeweza kuitazama kazi aliyosifiwa kwayo, kazi aliyoifanya vizuri kupita kiasi, akachukua kisu akaikata mshono kwa sababu inamzuia mgonjwa kupita, huyo sijui atapatikana chuo gani. Wakati huohuo magodoro ya springi yameanza kuletwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, yamefungwa karatasi, na shangazi wa siku hizi hawajui hata waweke goti wapi. Marehemu hakuwahi kuyatukana. Alilala juu ya moja dukani, akainuka akasema ni zuri, ila halina wa kuuliza likiharibika.

Sasa nimalize. Kile kiti kilinipa zaidi ya sifa. Kwa ajili ya kiti kile watu wanne walinikopesha fedha za kujengea shimo na kununulia pampu, na kila mmoja alinitajia kisa hicho alipokuwa akinipa. Niliwalipa mmoja baada ya mwingine, kwa tarehe niliyoahidi, na sitaficha kwamba nilitembea katikati ya barabara nikienda kulipa. Wa mwisho alikuwa mwenye duka la vitambaa. Nilipomwekea fedha yake mezani, marehemu alikuwa palepale akipima kitambaa cha mistari. Mwenye duka alinisifu mbele yake. "Nilijua utalipa," alisema. "Mtu aliyekifungua kiti kile kwa akili yake hawezi kushindwa na deni."

Sijui ni nini kilichonishika. Labda ni kwamba sikuwa tena na deni jingine la kujifichia. Nilimwambia, "Kiti kile alikifungua huyu. Mimi nilivunja mpini."

Mwenye duka alimtazama marehemu, akanitazama mimi, kisha akacheka, ingawa si sana. "Basi miaka yote hii nilimkopesha mtu siye."

Marehemu hakuinua macho kwenye kitambaa. "Amekulipa, hajakulipa?"

"Amelipa. Yote."

"Basi ulimkopesha ndiye," alisema, akaomba akatiwe yadi sita.

Tulitoka pamoja. Nilitaka kumwomba radhi na nikaanza vibaya, kwa maneno mengi, kama kawaida yangu. Alinipa kitambaa nimbebee, tukaenda hadi kwake tukizungumza bei ya usumba. Tangu siku ile, gari likinishinda, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuweka spana chini na kuuliza nani aliyeligusa kabla yangu. Na mara nyingi, nikisikiliza vizuri, ni mimi.