Maji Yasiyo na Chumvi

Mke wangu alirudi kijijini kwao, Bweni, kwa sababu ya mchuzi. Nilisema mbele ya wageni, kwa mdomo wangu huu usio na breki, kwamba ameupika kwa maji ya bahari. Wageni wakacheka. Yeye hakucheka, na asubuhi alifunga furushi lake akaondoka.

Siku kumi nikala mihogo ya kuchoma. Nilituma salamu, hazikujibiwa. Nilimkosa, wallahi. Hapo nikakumbuka ziwa.

Ziwa letu liko katikati ya kisiwa chetu, si lile jingine lenye viboko. Tukiwa wachumba tulikwenda sana, na ndugu zake wakituchunga. Kiangazi linanywea, tunakamata kambare kwa mikono topeni, tunarudi tunanuka. Masika linafurika, mayungiyungi yanachanua, na watu wanakuja na masufuria ya pilau. Ila kuogelea humo sijawahi, ya nini? Bahari si ipo?

Nikamwomba baba mkwe amlete mke wangu pale ziwani. Masika yalikuwa yanaisha, ziwa limejaa pomoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwenzio huyu hapa. Akikataa kurudi, simlazimishi."

Mke wangu akakaa mkekani, kanipa mgongo. Haya! Nikatoa silaha yangu. Baharini huwa naelea chali huku namenya chungwa na kulila, na yeye hajawahi kuniona hivyo bila kucheka. Nikachukua chungwa, nikaogelea mpaka penye kina, nikamwita, nikajilaza.

Lahaula! Maji hayakunibeba. Miguu ikashuka, kiuno kikafuata, na mimi nimeng'ang'ania chungwa. Maji yakaniingia puani, kuogelea kote nikakusahau. Nikaibuka, nikapiga kelele, nikazama tena.

"Mwache, mzaha wake huo," nilimsikia baba mkwe.

Mke wangu hakumsikiliza. Aliingia na kanga zake, akanikamata sikio, sikio jamani, akanivuta hadi majanini. Nilikohoa mpaka machozi. Yeye alikuwa analia kweli huku ananipiga mgongoni.

"Bwege wewe! Ziwani kuna chumvi ya kukubeba?" Kisha akaniangalia. "Leo umeitamani chumvi, eeh?"

Baba mkwe alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Niliona haya, tena nilifurahi kupita kiasi, maana mke wangu naye alikuwa anacheka.

Jioni alipika nyumbani kwetu Miburani. Mchuzi ulikuwa na chumvi ya kukunja ulimi. Nikasogeza sahani, nikamwomba aniongeze.