Mtamba Wangu wa Ng'ambo

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja: nimwambie mama amuuze ng'ombe, au amweke? Kwetu Kwale mtoto akizaliwa hutengewa mtamba, na kizazi chote cha mtamba yule huwa chake. Hauzwi mpaka mwenyewe atamke. Mama alinifugia wangu na kizazi chake miaka yote hiyo, lakini sasa ameteguka kifundo cha mkono na kukama kunamwia vigumu. Mnunuzi yuko tayari. Lililobaki ni neno langu.

Nami sikulitoa. Nina shahada ya ufugaji, na kazi ya kuandika nambari za malori kwenye ghala moja Shimanzi. Nikisema "uza", mama atatoka katika chama cha akina mama wanaopeleka maziwa kwenye tangi la kupozea pale sokoni. Tangi lile ndilo lililotuletea umeme, barabara ikachongwa, na sisi watoto tukasoma. Asiye na maziwa hana kiti pale. Nikisema "usiuze", atakama nani? Mimi? Watu watasema masomo yamenishinda. Au hawatasema lolote, nikawaza, na hilo likanitisha zaidi.

Jioni nilirudi chumbani kwangu Mji wa Kale, nikamimina maziwa ya pakiti, nikanywa nimesimama. Nyuma ya ukuta majirani waligombania kichwa cha samaki huku wakicheka. Mama alipopiga simu niliitazama mpaka ikanyamaza.

Mwenye nyumba wangu ni bibi anayefuga mbuzi, nao huzurura vichochoroni wakila maboksi. Asubuhi moja alinikuta nimeketi ngazini, viatu vya kazi miguuni, siendi popote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wawaza nini tena?"

Nikamweleza yote. Sikuwa nimemweleza mtu. Alisikiliza huku akimchomoa mbuzi wake mfuko wa plastiki mdomoni.

"Huyu hucheua kisha akameza," akasema. "Wewe wacheua tu."

Nilicheka, na sauti yangu ikanishangaza. Sikuwa nimeisikia ikicheka siku nyingi.

"Na leo ng'ombe kakamwa na nani?" akauliza.

Sikujua. Nikampigia mama palepale ngazini.

"Nimemkama mimi, kwa mkono mmoja," mama akasema. "Amepiga teke, ndoo imepasuka. Yule mnunuzi aja Ijumaa."

"Usimuuze, mama. Naja kukama."

"Wewe?" Akacheka kwa pua. "Haya, basi njoo na ndoo."

Shimanzi niliaga. Bibi nikamrudishia ufunguo wake. Makadara nilinunua ndoo ya maziwa, ya chuma, yenye mfuniko, kisha nikashuka Likoni. Kwenye feri hakuna aliyenijua wala aliyeniuliza kitu. Nilisimama katikati ya watu, nimeikumbatia ndoo tupu, mpaka tukafika ng'ambo.