Nyuzi za Njano kwenye Antena

Wiki iliyopita nilienda Kariakoo kununua vitambaa. Kwenye kioo cha duka moja la simu nikakuta karatasi kubwa: ratiba ya mtoano ya Kombe la Dunia, imechorwa kwa mkono, na pembeni majina ya vijana wa dukani, kila mmoja na utabiri wake. Nikasimama. Duka lile, rafiki yangu, liko palepale ilipokuwa nyumba ya bibi yangu.

"Karibu dada, tukuoneshe simu gani?"

"Sitaki simu. Naangalia mlivyokosea," nikamjibu kijana, tukacheka wote.

Bibi alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani, redio kando yake. Hatua chache tu kilikuwepo kijiwe cha kahawa, kwa hiyo nguo za wateja wetu zote zilinukia kahawa, na kashata za pale ndizo zilizonimalizia meno ya utoto. Kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano, maana macho yake yalishachoka. Masikio yalikuwa mazima. Mchezaji wa timu yoyote ya Afrika akipewa kadi ya njano, bibi alikata kipande cha uzi wa njano, akakifunga kwenye antena ya redio, na mimi nikaamriwa kukariri jina la mchezaji. Akipata uzi wa pili, tulijua mechi inayofuata hachezi.

Kijiweni kulikuwa na ubao. Mtoano ukianza, wazee waliandika utabiri wao kwa chaki, na aliyekosea alifagia kijiwe asubuhi yake. Wanawake hawakuandikwa. Hakuna aliyewakataza, ilikuwa mazoea tu. Mwaka ule, robo fainali zilipokaribia, bibi akaenda akasimama mbele ya ubao.

"Na mimi niandikeni."

Muuza kahawa akacheka mpaka birika likamtikisika mkononi. "Haya Bi Fundi, nakuandika. Lakini ukikosea hata mechi moja, habari za mpira hapa kijiweni ndiyo basi tena."

Bibi akakubali. Mimi nilikosa raha, kwa sababu nilijua anavyoupenda mpira. Kumnyamazisha ingekuwa kama kumzimia redio.

Mechi tatu za kwanza akapatia zote. Ya nne ilikuwa ya timu ya mwisho ya Afrika iliyobaki, na ubao mzima uliipa ushindi. Bibi akanikalisha, tukahesabu nyuzi. Mabeki wawili, nyuzi mbilimbili. Katika shangwe za mechi iliyopita, wazee walikuwa wameshasahau kadi zote. Akaenda ubaoni kusema aandikwe kwamba tutafungwa.

Weee! Mtaa ulimchachamalia. "Bi Fundi, wewe Mwafrika kweli?" jirani yetu mwalimu akamuuliza mbele za watu. Mteja mmoja akaja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. Bibi alinyoosha mgongo, akasema, "Moyo wangu uko nao. Pale nimeandikisha ninachokijua."

Jioni ya mechi tulijazana kwa jirani mwenye televisheni. Tulitangulia kufunga, nikaruka na wenzangu, nikasahau kabisa kwamba goli lile linamponza bibi. Kisha wapinzani wakarudisha, na dakika za mwisho wakaongeza la pili, yote mawili yakipitia upande walikokosekana mabeki wetu. Nikamgeukia bibi nikidhani atatabasamu. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga, analia.

Asubuhi wazee walikuja na mafagio yao, wakamkuta bibi ameshafika nusu ya kijiwe, anafagia.

"Bi Fundi, acha. Wewe umepatia," muuza kahawa akasema.

"Tumefungwa wote. Tunafagia wote."

Muuza kahawa akamchukulia lile fagio taratibu, akamwekea kipande cha chaki kiganjani. Tangu siku ile hakuna mzee aliyeandika kabla bibi hajaandika. Shuleni nilitamba na jambo hilo muhula mzima, na sijaacha kutamba mpaka leo, kama unavyoona.

Baraza limekwenda, ubao umekwenda, harufu ya kahawa pale hakuna tena, na bibi tumemzika zamani. Naumia nikipita.

"Dada, kesho Afrika inacheza. Na wewe weka utabiri," kijana akanichokoza.

"Nani wetu ana kadi mbili?"

Mmoja wa vijana akaanza kupekua simu, lakini mimi sikuhitaji, nilikuwa nimeshahesabu nyumbani. Safari hii mabeki wetu wote wapo. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa: TUNASHINDA. Na penye jina nikaandika: Mjukuu wa Bi Fundi.