Sheria ya Sombe

Kila nikisikia harufu ya mkate wa ufuta, narudi kwa mawazo mpaka nyumba yetu ya Reynoldsburg, kule Amerika. Siku moja jirani wa orofa ya chini, mama mumoja Muturuki, alinipa kipande cha moto, akanielezea sikukuu yao kwa Kingereza kibovu kama changu. Zamani wakubwa wa kwao walipenda kuongea Kiajemi na Kiarabu. Mutawala mumoja akachoka, akatangaza: "Tangu leo, kwa baraza na kwa uwanja, ni Kituruki tu!" Mpaka leo wanashangilia ile siku.

Bon, nikapanda ngazi mbio. Kwa meza, kaka yangu alikuwa anatuchekesha kwa Kingereza, na mama, ametoka kazi kiwandani, anatuangalia tu kama mugeni asiyesikia kitu.

Nikakumbatia sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga. "Tangu leo, mwenye kuomba kwa Kingereza analala njaa!"

Kaka akanitukana kwa Kingereza.

"Sisikii, mukubwa. Ongea na tumbo yako."

Ugali ikapoa. Mwisho akanung'unika kwa Kiswahili: "Mama, umuambie huyu mujinga anipe sombe."

Mama akaninyang'anya kijiko cha sombe, akainua juu.

"Rudia, mwanangu," akamuambia kaka. "Sikusikia muzuri."