Kijiko Nyuma ya Kisogo

Mimi hasira zangu ziko karibu, na mwaka ule zilihamia puani kabisa. Kila aliyeingia kibandani kwangu Kakuma kunywa chai, awe dereva wa lori la Lokichoggio au Msudani aliyetoka kambi ya wakimbizi, alimwona binti yangu, akapiga makofi mbele ya uso wake, mtoto akapepesa macho, basi mtu akanigeukia na hukumu yake: "Huyu anasikia, mama. Wacha wasiwasi." Wee! Kana kwamba mimi sijui kupiga makofi. Upepo wa viganja ukikupiga usoni utapepesa tu, hata masikio yakiwa yamezibwa nta.

Wasiwasi wenyewe niliutoa Lodwar. Kabla mtoto hajazaliwa niliugua kifua kikuu, nikawekwa katika manyatta ya wagonjwa wa kifua, vile vibanda ambamo mtu alikaa miezi akimeza dawa mbele ya macho ya sista. Kila asubuhi tulipanga foleni ya sindano. Sindano ile iliponya, lakini ilikuwa na lake: baadhi yetu masikio yalianza kuvuma kama nzi amefungiwa ndani ya kopo, na wengine walirudi kwao wazima wa kifua, viziwi. Kwa hiyo sista alikuwa akituuliza kama masikio yanalia, kisha anasimama nyuma yetu na kunong'ona, nasi turudie alichosema. Mimi nilirudia kila neno, na nikajigamba kwa wenzangu.

Kumbe nilikuwa na mimba changa. Sikujua, ugonjwa ulikuwa umenikausha, na mambo ya mwezi yalikwisha kunikatika zamani. Sista alipoigundua aliisimamisha sindano siku ileile, akanibadilishia dawa, akaniambia bila kuzunguka: "Dawa hii hupita mpaka kwa mtoto, na ikimpata, humpata masikioni. Pengine haikumgusa. Akizaliwa, akianza kuketi, mlete nimwangalie."

Nililichukia lile "pengine" lake kuliko sindano. Nilirudi nalo Kakuma, nikalala nalo, nikajifungua nalo.

Mtoto alizaliwa na kilio cha kusikika ng'ambo ya laga, ule mto wetu mkavu. Mama mkwe akaja kutoka malishoni kumpa jina. Kwa watu wa mume wangu, mtoto huwekwa titini na majina hutajwa moja baada ya jingine. Lile atakalolinyonyea ndilo lake. La kwanza akageuza mdomo. La pili akalia. La tatu, ambalo lilikuwa la mama yake mama mkwe, akalishika titi akanyonya kwa pupa, na vigelegele vikapaa. Tangu siku hiyo mama mkwe hakutaka kusikia habari ya masikio.

"Alisikia jina akalichagua mwenyewe," aliniambia. "Unataka asikie nini tena, redio?"

Nilipomjibu kwamba mtoto mwenye njaa hunyonya hata ukimtajia mbuzi, alidai ninamlaani mjukuu wake kwa mdomo wangu mrefu. Labda mdomo ulikuwa mrefu kweli, lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nilikuwa naogopa.

Nilipiga sufuria nyuma yake, akashtuka, nikamrukia kwa furaha. Halafu nikakumbuka amelala juu ya ngozi, chini, na kishindo hupita ardhini. Nikimwita akiwa mgongoni aliinua kichwa, lakini mgongo wangu wenyewe ulikuwa ukitetema kwa sauti. Nikimwita kutoka mlangoni, leo aligeuka, kesho hapana.

"Hata wewe nikikuita siku nyingine hugeuki," mume wangu alinitania, akitaka nicheke. Nilimjibu maneno yasiyofaa kuandikwa.

Mtoto alipoanza kuketi, nilimbeba nikapanda pikapu ya Lodwar. Mama mkwe akapanda pia. "Nakuja nikuone ukiaibika," alisema, akamchukua mtoto akampakata njia nzima ili vumbi lisimpate.

Sista alikuwa yuleyule, mzaliwa wa pande za Lorugum. Alitusalimu kwa ejok, salamu ya huku, akafunga dirisha, akaeleza atakavyofanya. Mtoto apakatwe. Mtu mmoja aketi mbele yake amshughulishe macho kwa kifuniko chekundu cha kopo. Yeye mwenyewe atasimama nyuma, asikoonekana, agonge kijiko kikombeni, polepole. Anayesikia atageuka kukitafuta.

Nilimpakata mimi kwanza. Kijiko kilipolia magoti yangu yaliruka, na mtoto akainua uso kunitazama mimi.

"Unatetemeka, mama," sista alisema. "Hivi nakupima wewe, simpimi yeye."

Msaidizi wake alipojaribu kumchukua, mtoto alimpigia mayowe, hakutaka mgeni. Basi akapewa bibi yake, nami nikaketi mbele na kifuniko. Kijiko kikalia upande wa kulia. Mtoto akageuka kulia. Kikalia kushoto, akageuka kushoto! Nilikitupa kifuniko, nikasema asante Mungu, asante Mungu, na mama mkwe akacheka mpaka mapengo yakaonekana.

"Si nilikwambia? Mwanamke kichwa ngumu wewe!"

Sista hakucheka. Alimtazama mama mkwe shingoni. Alikuwa amevaa shanga kama wavaavyo wanawake wa rika lake, mikufu juu ya mikufu kutoka mabegani hadi kidevuni, mizito, imelainika kwa mafuta. Kila kijiko kilipolia aligeuza shingo kukisikiliza, na shanga zikamsukuma mtoto kichwani.

"Mama," sista alisema, akiangalia chini, "naomba uvue shanga."

Huku mwanamke huvua shanga akifiwa.

"Nani amekufa?" mama mkwe aliuliza.

"Najua ninachokuomba. Mimi pia nimezaliwa huku. Lakini hivi siwezi kujua ni yeye anayesikia au ni wewe."

Nilidhani atainuka aondoke. Akanigeukia mimi, macho makali. "Nitazivua," alisema, "ili wewe unyamaze. Tukitoka hapa nisilisikie tena neno hilo la masikio." Akaanza kuzitoa kichwani, mkufu mmoja mmoja, akaziweka mezani. Shingo iliyobaki ilikuwa nyembamba na ya rangi nyingine, kama ya mtu nisiyemjua. Niliona haya kuitazama.

Tukaanza upya. Nilikishika kifuniko, sikuthubutu kuinua macho. Kijiko kikalia kulia. Mama mkwe aliketi kama jiwe. Mtoto alikuwa akikitazama kifuniko changu, akinitabasamia. Kikalia kushoto. Kikalia kwa nguvu. Sista akamwita kwa sauti ya kawaida, halafu kwa sauti kubwa. Mtoto akanyoosha mkono kukitaka kifuniko.

Sista alirudia mpaka mtoto akachoka, akasinzia, tukamlaza kitandani. Alituambia kuna mashine katika hospitali kubwa, atatuandikia twende. Alisema kama ni sindano au ni jambo jingine hakuna atakayetuambia kwa hakika. Alisema tumsemeshe kwa uso na mikono, tusingoje. Kisha akatoka, akatuachia chumba.

Mama mkwe alikuwa akizitazama zile shanga, hazigusi.

"Vaa," nilimwambia. "Vaa, mama! Mtoto hajafa!"

"Nivalishe wewe," alisema. "Mikono yangu haina nguvu."

Nikamvalisha. Mkufu wa kwanza, wa pili, nikizipitisha kichwani pake kwa taratibu, nami nina hasira na sindano, na Mungu, na kifua changu kilichopona. Sijamaliza, akaangua kilio. Hakikuwa kilio cha kujificha. Kilikuwa cha msibani, cha kuita watu, na wagonjwa waliokuwa nje wakajaa mlangoni. Nilimrukia nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Polepole, mama, polepole, utamwamsha mtoto!"

Tukageuka wote wawili kumtazama. Alikuwa amelala fofofo, kinywa wazi.

Nikauondoa mkono wangu, nikamwacha alie.