Nakala ya Kompyuta ya Baba

Kompyuta ya baba ilianza kugonga msimu wa mavuno ya mahindi. Kelele za feni tulishazizoea, maana ilinguruma kama mashine ya kusaga tangu tulipoinunua. Huu ulikuwa mlio mdogo ndani ya kasha, ta, ta, ta, halafu kimya, na baba akiwa katikati ya sentensi ilimbidi angoje mpaka mashine izinduke. Fundi mmoja wa mjini aliinama akasikiliza, akasema diski inakufa. Itakufa lini hakusema, akaondoka na bodaboda yake.

Kwa nyumba nyingine hilo lingekuwa jambo dogo. Baba alikuwa mchapaji katika ofisi ya serikali tangu enzi za taipureta, na alipostaafu akajipa kazi moja: kuwaandikia watu wasifu wa marehemu. Mtu akifariki hapa Bagara, hata turubai halijafungwa, ndugu wawili watatu wanakuja kuketi mbele ya meza ya baba na kutaja: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa na nani, ameacha watoto na wajukuu wangapi, aliugua nini. Baba anachapa. Ukurasa ukitoka kwenye printa anampa mama au mimi tuusome kwa sauti, kwa sababu, anasema, kosa lililopita machoni sikio hulidaka. Hatozi kitu. Furaha yake ni kukaa msibani na kusikia wasifu ukisomwa bila msomaji kujikwaa. Nilijua siku kompyuta ile ikizima kabisa, baba atabaki mzee wa kuota jua tu, na sikutaka kuiona siku hiyo.

Kaka yangu, anayefanya kazi Dodoma, alikuwa ameshalitatua tatizo la uzee wa mashine hiyo kwa namna yake. Krismasi iliyotangulia alikuja na laptopu mpya, akahamisha barua na wasifu zote za baba kwa flashi, akapiga makofi kidogo kama mtu aliyemaliza kuchinja mbuzi. Baba alishukuru sana. Akaketi, laptopu ikamwuliza jina, ikamwuliza barua pepe, ikataka neno la siri, kaka akimsomea kila swali. Baba alifunga kifuniko taratibu akasema mgeni akiingia nyumbani kwako hawezi kukuuliza wewe ni nani. Laptopu ikaingia kabatini pamoja na sahani za wageni, na huko imekaa mpaka leo. Kaka alikasirika. Mimi nilimtania baba kwamba ni mbishi kama punda wa Bonga, na moyoni nilikuwa upande wa kaka.

Macho yake tulijua si mazima. Ana presha ya macho, na miwani yake ni minene. Lakini alisema anaona vya kutosha, na sisi tulimwona anachapa kila wiki, kwa hiyo tuliamini.

Mimi nina duka la pembejeo karibu na stendi. Najua mbegu, najua dawa za viwavi, kompyuta najua ya kuandikia risiti. Lakini baba aliponiambia, "Sitaki vitu vyangu vihamishwe, nataka nyumba nzima ihamishwe," nilielewa kwamba kunakili mafaili hakutoshi. Fundi akaniambia ziko programu zinazochukua diski yote ilivyo, pamoja na mfumo, mipangilio na hata takataka zake, na kuifanya faili moja kubwa. Ukiipeleka faili hiyo kwenye mashine nyingine ya aina ileile, inaamka ikiwa kompyuta ileile ya zamani. Nikasema hiyo ndiyo nyumba nzima.

Kuchagua programu yenyewe kulinipotezea usingizi wa mchana wa Jumapili kadhaa. Ya kwanza ilikuwa na picha nzuri na sifa nyingi mtandaoni. Niliiweka kwenye kompyuta ya baba, ikakataa hata kufunguka. Ilitaka mfumo mpya, na mfumo mpya ndicho kitu tulichokuwa tunakikimbia. Ya pili ilikubali. Ilinakili vizuri, ikaniandikia hongera. Nikataka kujaribu kuirudisha nakala hiyo kwenye diski nyingine, ndipo ikasema huduma ya kurudisha ni ya waliolipia. Nilitukana, na mama akaniuliza ninamtukana nani. Mtu anakuwekea mahindi yako ghalani bure, halafu siku ya njaa anakuonyesha kufuli. Tangu siku hiyo nilijiwekea kanuni: programu nisiyoweza kuijaribu mpaka mwisho, kwenda na kurudi, siiamini hata inipambe kwa maua.

Ya tatu ilikuwa ya bure na yenye sura mbaya. Haiwekwi ndani ya kompyuta. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kwa flashi hiyo, na inakuletea skrini nyeusi yenye maswali meupe ya Kiingereza. Uzuri wake, haikuuliza umri wa mashine, na ilikubali kuruka sehemu mbovu za diski badala ya kugoma. Ubaya wake ni swali moja: diski ipi inasomwa, na diski ipi inaandikwa juu yake. Ukikosea hapo, unafuta ile uliyokuja kuiokoa, na wala haikuombi radhi.

Nilikaa mbele ya swali hilo bila kugusa kitufe. Baba alikuwa nyuma yangu anakunywa chai. Aliniuliza kimya hicho ni cha nini, nikamweleza. Akasema ofisini kwao, barua yoyote isiyoweza kurudishwa ilisomwa na watu wawili kabla ya kutiwa muhuri, na akaniambia nimsomee. Nikamsomea kila mstari, na ukubwa wa kila diski. Ile yake ilikuwa ndogo, ile niliyonunua ya kuwekea nakala ilikuwa kubwa kuliko hiyo mara nyingi, kwa hiyo haikuwezekana kuzichanganya. "Ndogo inasomwa," akasema. "Kubwa inaandikwa. Piga." Nikapiga. Kazi ilikwenda mpaka jioni, diski ikigonga na kunyamaza, na mimi nikiomba Mungu kwa mambo ambayo nadhani hajawahi kuombwa.

Nakala ilipatikana. Fundi akanitafutia kompyuta iliyotumika ya aina ileile kabisa, nikairudishia nakala hiyo dukani kwangu, kati ya mifuko ya mbolea. Iliwaka kwa mlio uleule wa kuwakia wa kompyuta ya baba. Nilicheka peke yangu.

Siku niliyoipeleka nyumbani nilikuwa na haraka, kwa sababu mzigo wa mbegu ulikuwa unashushwa stendi. Niliunganisha kibodi yake ya zamani, ile yenye kipande cha tyubu ya baiskeli alichokigandisha kwenye kitufe cha kufuta. Niliunganisha spika na printa. Kipanya sikujisumbua nacho, maana baba hakitumii; kimetundikwa msumarini miaka yote na yeye hufanya kila kitu kwa vitufe. Nikaiwasha, ule mlio ukasikika, baba akatabasamu. Simu ya dukani ikaita, nikatoka mbio na kudandia bajaji.

Niliporudi jioni nilikutana getini na wanaume wawili kutoka Bonga. Mama yao alikuwa amefariki asubuhi ile. Walikuwa na bahasha mkononi, wakanisalimu, wakaniambia mzee amewaandikia vizuri sana na Mungu ambariki. Niliwapa pole, nikaingia ndani nikiwa na kiburi kidogo, kwa sababu na mimi nilikuwa na sehemu yangu katika bahasha ile.

Baba alikuwa bado mezani. Alikuwa akitoa nakala moja zaidi ya kumpa mzee wa kanisa. Alinisikia akaniitikia shikamoo yangu bila kugeuka, vidole vikienda juu ya vitufe, printa ikavuta karatasi.

Skrini mbele yake ilikuwa nyeusi.

Nilidhani imezimika wakati huohuo. Kisha nikaangalia chini ya meza nikaona waya wake umelala sakafuni. Katika tundu lake kwenye ekstensheni ilikuwa chaja ya simu ya mama. Kwa haraka yangu ya mchana sikuwa nimeuchomeka kabisa. Wale ndugu walikaa upande wa pili wa meza, nyuma ya skrini, wasingeweza kujua.

"Baba," nikasema, "skrini haijawaka."

Vidole vyake vilitulia. "Tangu saa ngapi?"

"Tangu nilipoileta."

Nikachukua karatasi iliyotoka kwenye printa. Jina la marehemu lilikuwa katikati, juu, pale yanapokaa majina yote. Kuzaliwa, ndoa, watoto tisa kwa mpangilio wao, ugonjwa, shukrani kwa wauguzi.

"Isome," alisema. Nikaisoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Ina kosa?"

"Haina."

"Basi kompyuta ni nzima."

Nililia. Sikulia kwa uzuri wala kwa siri, nililia mbele yake, nikikumbuka laptopu kabatini na jinsi tulivyomwita mbishi. Nikamwuliza tangu lini haoni. Akasema herufi zilimpotea kabla ya laptopu kuja, na aliona hakuna haja ya kumpa mtu yeyote kazi ya kumhurumia, maadamu kila kitu kwenye ile mashine kilikuwa pale alipokiacha. Kisha akanigusa mkono.

"Kaka yako usimwambie," akasema. "Ataniletea kompyuta inayoongea."

Nikacheka na machozi yangu. Nikapiga magoti, nikachomoa chaja ya mama, nikachomeka waya wa skrini. Ikawaka, na ukurasa wa yule mama wa Bonga ukatokea. Baba akauliza ninafanya nini huko chini. Nikamwambia nawasha skrini, kwa ajili ya wageni.