Mkwe Avae Shati Kwanza

Mwanangu alipangiwa kuzaliwa Bungoma, wakati wa mavuno, shule zikiwa zimefungwa na mimi nimetulia. Mama yangu, mwenye shamba Matulo, alikuwa ameshatenga kuku wa supu na wimbi wa uji. Mimi nilikuwa nimefua nguo za mtoto na kuzipanga kwa rangi. Ni mwalimu, napenda mambo yaende kwa ratiba, na yasipoenda hununa.

Mtoto hakuuliza ratiba. Mahindi yalikuwa hata hayajabeba nilipoanza kuvimba miguu hapa Kitale. Nikalaumu viatu. Nikanunua vingine, navyo vikanibana. Kisha kichwa kikauma, nikaanza kuona vimulimuli mchana, na mume wangu akanipeleka hospitali huku nikimgombeza kwamba nina madaftari ya kusahihisha. Daktari alinipima presha, akapima tena, akasema mtoto atolewe leo, la sivyo tunaweza kupotea wote wawili. Hapo sikununa. Niliogopa.

Alitoka akiwa hai, mwepesi kuliko pakiti ya unga. Sauti yake ilikuwa ya kifaranga, lakini alikuwa nayo, nami nikashukuru. Muuguzi alitueleza kwamba mtoto wa namna hii hana joto lake mwenyewe: lazima akae kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Akipoa, anaweza hata kuacha kupumua. Kifua changu hakikufaa, kwa sababu presha ilikataa kushuka na nilikuwa nimelazwa wodi nyingine na dripu mkononi. Basi akavuliwa shati mume wangu.

Lazima niseme alipendeza. Ni mtoto wa wakulima waliohama kutoka mkoa wa kati zamani, na kazi yake ni kuuza mbegu na mbolea. Mwanaume huyu anayebeba gunia bila kuguna alikaa kitini akiogopa hata kupiga chafya, mtoto amefungwa kifuani kwa leso yangu, wote wawili wamevaa kofia za sufu. Wamama wengine mle chumbani walimcheka mpaka wakamzoea.

Mama alifika kesho yake na thamosi ya uji, na hapo ndipo pakawa na kazi. Kwetu, mama mkwe na mume wa bintiye huheshimiana kwa kukwepana. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hupinda. Siku ya harusi yetu hao wawili walisimama kila mmoja mwisho wake wa picha. Mwaka mzima mume wangu aliamini mama hampendi, hadi nilipomweleza kwamba anavyokimbiwa vile ndivyo anavyopendwa.

Sasa mama amechungulia mlangoni na kumkuta mkwe wake kifua wazi. Alirudi nyuma haraka, akaketi kwenye benchi la kolido, akajitanda leso kichwani. Hapo benchini alikaa siku kadhaa. Uji uliingia kwa mkono wa muuguzi, thamosi ikatoka kwa mkono wa muuguzi. Yeye mwenyewe hakuwa amemwona mjukuu wake.

Asubuhi moja nilisukumwa kwa kiti cha magurudumu kuja kumwona mtoto, na nikamkuta mume wangu akikohoa. Alijaribu kukimeza kikohozi, kikakataa. Muuguzi alimsikia kutoka upande wa pili, alikokuwa amemshika mtoto mwingine aliyezidiwa.

"Baba mtoto, hiyo kikohozi utatoka nayo nje. Sai. Utaambukiza hawa wote."

"Na huyu nimwache na nani, sista?"

Mikono ya muuguzi ilikuwa na kazi. Nilijaribu kusimama, chumba kikazunguka, nikakaa. Nikamwita mama kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata darasani.

Alikuja hadi mlangoni, akaupa mlango mgongo. "Mwambie avae shati kwanza."

"Akivaa shati mtoto atapoa, mama."

"Basi wewe umtoe, uniletee."

"Siwezi kusimama, na nikimshika nitamwangusha."

Kisha nikaona mgongo wake ukiingia. Mama yangu, mzee wa kanisa, aliingia kinyumenyume katikati ya vitanda, leso usoni, akipapasa hewa kwa mkono mmoja. Akagonga ndoo. Mama mmoja kitandani akaanza kucheka. Mume wangu naye alikuwa amegeuka ukutani kwa heshima, anakohoa, mtoto amemshikilia kando, mbali na kifua, asimkoholee, kwa hiyo nilikuwa na migongo miwili na mtoto mmoja, na vidole vya yule mtoto vilikuwa vimeanza kuwa vya bluu.

"Mama, anapoa," nikasema.

Mama akageuka. Aliitoa leso kichwani, akafungua vifungo vya blauzi mpaka chini, akamtazama mkwe wake machoni kwa mara ya kwanza tangu anioe.

"Baba, nipe mtoto."

Mume wangu alifumba macho kama mtu anayeombewa, akampa. Mama akamweka kifuani, akamfunika, akamsugua mgongo akimnong'oneza kwa lugha yetu. Baada ya muda kifaranga akalia. Nililia pia, na sioni haya kusema.

Mama alikaa naye pale hadi presha yangu iliposhuka. Shangazi zangu walipopata habari walidai achinjwe kondoo kuondoa mkosi. Mama akawaambia wachinje, yeye atakula pamoja nao.

Siku hizi, tukienda Matulo, hao wawili wamerudia kukwepana kana kwamba hakuna lililotokea. Mume wangu huketi nje. Mama haondoki jikoni. Katikati yao anakimbia mtu mfupi mwenye mashavu, anayepeleka karanga nje na kurudisha bakuli tupu. Juzi nilimsikia mama akimwinamia mlangoni.

"Enda umuulize baba yako, ile kikohozi iliisha?"

Akakimbia. Akauliza. Nikamwona mume wangu akijifuta macho kabla ya kumjibu.

"Mwambie iliisha. Mwambie asante."